Ada ya Chama Inakatwa, Hesabu Iko Wapi? Mwongozo kwa Mwanachama wa Nakuru na Jirani Zake

Chukua peislipi yako ya mwezi uliopita. Karibu na NSSF, SHA na ushuru wa nyumba, tafuta mstari wenye jina la chama chako cha wafanyakazi. Uwe unafungasha maua Naivasha, unahudumu katika hospitali ya kaunti, uko kiwandani Nakuru mjini au unafundisha Egerton kule Njoro, huenda mstari huo ndio mdogo kuliko yote. Kwa kuwa hauumizi, hauulizwi.

Mwongozo huu umeandikwa kwa anayetaka kuuliza, na kuuliza vizuri. Malalamiko mengi dhidi ya viongozi wa vyama hufa mapema kwa sababu yanamwandama mtu badala ya kuitafuta karatasi. Ukisema "viongozi wamekula," utajibiwa "hatujala," na mjadala umekwisha. Lakini ukisema "tunaomba taarifa ya hesabu iliyokaguliwa ya mwaka jana," jibu ni ama ipo au haipo. Mengine yote humu yanajengwa juu ya tofauti hiyo.

Kwa nini ujisumbue

Sababu ya kwanza ni pesa yako. Ya pili ni nzito zaidi: chama kisichoaminika ndani hakina nguvu mezani mbele ya mwajiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inamtaka mwajiri akitambue chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kujiunga. Wanachama wakikata tamaa na kuondoka mmoja mmoja, idadi hiyo hushuka, na mwajiri hupata upenyo wa kutaka utambuzi ufutwe. Bila utambuzi hakuna CBA mpya, yaani mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri.

Walimu wanalijua hili. KNUT, chama chao kilichoanzishwa 1957, kiliingia mwaka 2019 kikiwa na wanachama zaidi ya laki moja na nusu. Ukazuka mvutano na TSC, tume inayowaajiri walimu, ukafuatwa na mvutano ndani ya uongozi wenyewe, na walimu wakahama kwa wingi. Kufikia Juni 2021, Wilson Sossion alipoachia ukatibu mkuu na Collins Oyuu akauchukua, mapato ya chama yalikuwa yameporomoka. Kila mmoja ana maoni yake kuhusu nani alikosea. Lililo wazi ni kwamba mwalimu wa kawaida aliyebaki chamani ndiye aliyebebeshwa hasara.

Kuna somo la zamani zaidi, na lina alama yake hapa Bonde la Ufa. Chege Kibachia aliongoza Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika lililozaliwa na mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947. Agosti mwaka huo huo wakoloni walimkamata na kumfungia Kabarnet, Baringo, na shirikisho likazimika muda si mrefu. Lilibanwa kwa nguvu, ni kweli. Lakini chama ambacho daftari, mipango na siri zake zote zimo kichwani mwa mtu mmoja huwa rahisi kuzimwa, awe mtu huyo shujaa au mwizi. Kiongozi mwema naye anahitaji kukaguliwa.

Jua kwanza pesa inapita wapi

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo tusikimbie.

Mwajiri hakati ada kwa hiari yake. Anakata kwa agizo la Waziri wa Leba, baada ya wewe kutia sahihi Fomu S na chama kumpelekea. Akishaipokea, anatakiwa kuanza kukata ndani ya siku 30 na kupeleka pesa kwenye akaunti ya chama. Kutoka hapo katiba ya chama ndiyo inayosema tawi linapata fungu gani na makao makuu yanabaki na kiasi gani. Vyama vingine hurudisha sehemu nzuri tawini; vingine hurudisha kidogo sana, na wanachama hawajui mpaka siku paa la ofisi linapovuja.

Asiye mwanachama lakini anafaidika na CBA anaweza kukatwa ada ya uwakala, nayo kwa agizo la Waziri. Mtu huyu hana kura, ila pesa yake imo ndani ya hesabu. Usisahau kumhesabu.

Kwa hiyo pesa inaweza kukwama penye milango mitatu: kwa mwajiri anayekata asipeleke, makao makuu, na tawini. Mlango wa kwanza husahaulika, ilhali ni jambo linalotokea, hasa katika taasisi zenye madeni. Ukimvaa mweka hazina wa tawi kwa pesa ambazo mwajiri bado amezikalia, utakuwa umemwonea, na siku ukiwa na hoja ya kweli hakuna atakayekusikiliza.

> KISANDUKU: Hesabu ya dakika tano
> Tuseme mahali penu pana wanachama 400, kila mmoja anakatwa shilingi 200 kwa mwezi.
> 400 × 200 = shilingi 80,000 kwa mwezi.
> 80,000 × 12 = shilingi 960,000 kwa mwaka.
> Tuseme katiba inalipa tawi asilimia 30: hiyo ni shilingi 288,000 kwa mwaka.
> Weka tarakimu zenu halisi. Kiasi utakachopata ndicho utakachokitafuta kwenye taarifa ya hesabu. Kisipolingana, bado hujathibitisha wizi. Umepata swali la kuuliza.

Sheria inakupa nini

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho na kushiriki shughuli zake. Kushiriki ni pamoja na kuuliza. Kifungu hicho hicho kinakipa chama haki ya kujiendesha chenyewe, ndiyo maana mwajiri, gavana au OCS hana ruhusa ya kuja kuwapangia uongozi, na ndiyo maana mahakama hupenda kwanza kuona mmetumia njia za ndani.

Sheria ya 2007 inakitaka chama kitunze vitabu vya hesabu, kikaguliwe kila mwaka, na kipeleke taarifa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi. Inampa pia mwanachama nafasi ya kuvikagua vitabu hivyo. Ukiambiwa "hayo ni mambo ya ofisi," jibu kwa upole kwamba ofisi ni yenu.

Mali bila daftari huisha bila habari, waliotutangulia walisema. Chama chenye daftari lisilofunguliwa hakijapona.

Hatua kwa hatua

1. Pata katiba ya chama. Si ya nchi, ya chama. Muulize shopstiwadi, kisha ofisi ya tawi, kisha makao makuu. Walio katika kilimo wana bahati hapa: chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kilichoundwa 1963, kina makao yake makuu Nakuru mjini, kwa hiyo kutoka Naivasha au Gilgil ni matatu moja tu. Soma sehemu nne: fedha, mikutano, uchaguzi, na nidhamu ya wanachama. Kama imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, tafuta mwenzenu anayeimudu awasomee sehemu hizo kwa Kiswahili wakati wa chakula cha mchana.

2. Thibitisha kwamba wewe ni mwanachama hai. Weka peislipi zako za mwaka mzima pamoja. Mwenye malimbikizo ya ada anaweza kunyimwa kura, na kiongozi anayekwepa maswali ataanza kwa kukuuliza wewe ni nani.

3. Mwulize mwajiri kwanza. Andikieni idara ya wafanyakazi, au mtumeni shopstiwadi, mkiuliza mambo mawili tu: ada zilizokatwa zimepelekwa lini mara ya mwisho, na zilikuwa kiasi gani. Msieleze kwa nini mnauliza. Mwajiri hahitaji kujua mnachobishania nyumbani.

4. Tafuta wenzako, wachache na wa kuaminika. Mtu mmoja ni mkorofi. Watu kumi na wawili ni wanachama. Changanyeni idara, jinsia na makabila. Hili la mwisho nalisema waziwazi kwa sababu Nakuru tunajuana: barua yenye majina ya upande mmoja tu itageuzwa siasa kabla haijasomwa.

5. Andika barua. Mfano uko hapa chini. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri au itiwe sahihi ya kupokea pamoja na tarehe. Nakala hiyo ya pili ndiyo silaha yenu.

6. Nendeni mkakague. Wawili au watatu wanatosha, mmoja awe anayejua hesabu. Andikeni mlichokiona, tarehe na aliyewaonyesha. Msichukue kitabu chochote kutoka ofisini hata mkiambiwa chukueni.

7. Rudisheni matokeo kwa wanachama, kwenye mkutano. Ombeni yaingizwe kwenye ajenda na kumbukumbu za kikao. Jambo lisiloandikwa kwenye kumbukumbu halikusemwa.

> KISANDUKU: Mfano wa barua
>
> Kwa Katibu wa Tawi,
>
> MINT: OMBI LA KUKAGUA VITABU VYA HESABU
>
> Sisi tuliotia sahihi hapa chini ni wanachama wa tawi hili na tumelipa ada hadi mwezi huu. Kwa mujibu wa katiba ya chama, kifungu cha ____, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, tunaomba kuona:
> (a) taarifa ya hesabu iliyokaguliwa ya mwaka ____;
> (b) taarifa za benki za akaunti ya tawi kuanzia ____ hadi ____;
> (c) kumbukumbu za vikao vilivyoidhinisha matumizi ya kipindi hicho.
>
> Tunapendekeza siku ya ____, saa ____, ofisini. Watakaokuja kwa niaba yetu ni ____ na ____. Iwapo siku hiyo haifai, tunaomba mtupatie nyingine ndani ya siku 14.
>
> Wenu katika chama,
> (majina, nambari za uanachama, sahihi)

Hizo siku 14 ni pendekezo langu tu. Kama katiba yenu imetaja muda wake, tumieni huo.

Namna ya kuisoma taarifa ya hesabu

Huhitaji kuwa mhasibu. Anza juu, kwenye mapato. Linganisha kiasi cha ada na ile hesabu yenu ya dakika tano. Pakiwa na pengo, uliza: je, mwajiri anadaiwa? Kama ndiyo, deni hilo lionekane kwenye taarifa. Deni lisiloonekana halidaiwi, na lisilodaiwa limesamehewa bila nyinyi kuulizwa.

Shuka kwenye matumizi. Vipengele viwili ndivyo vinavyoficha mengi. Kimoja ni posho na usafiri. Viongozi wanasafiri kweli. Kesi ya kazi inaweza kumpeleka katibu mahakamani mara kadhaa na kila mara ni nauli, chakula na siku nzima. Kwa hiyo usihoji safari, hoji kibali: nani aliidhinisha, kikao cha lini, na ripoti ya safari iko wapi. Kipengele cha pili ni "matumizi mengineyo." Kila hesabu ina kifungu hicho, na ni halali kikiwa kidogo. Kikizidi kodi ya ofisi, omba kifunguliwe.

Tazama mikopo kwa viongozi. Tazama mawakili: vyama hulipa mawakili, na mara nyingi ni lazima, lakini kesi iliyolipiwa iwe na nambari ambayo mtu anaweza kuitafuta mahakamani. Kisha tazama mali. Kama chama kina kiwanja, jengo au gari, uliza hati imeandikwa jina la nani. Jibu "la chama" au "la wadhamini wa chama" lithibitishwe kwa karatasi. Jibu "la mwenyekiti, kwa muda tu" ni la kukuamsha usingizini.

Mwisho, soma maoni ya mkaguzi, ule ukurasa ambao watu huuruka. Mkaguzi akiandika kwamba hakupata stakabadhi za kutosha, amewafanyia nusu ya kazi. Na jina lake lenyewe litazame: asiwe jamaa wa mweka hazina.

Mlango ukifungwa

Siku zimepita, hakuna jibu. Pandeni ngazi, msiruke.

Kwanza, andikieni katibu mkuu wa chama makao makuu, mkiambatisha nakala ya barua ya awali yenye muhuri. Migogoro mingi huishia hapa, kwa sababu makao makuu nayo hayapendi kuitwa na Msajili.

Pili, Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi, Nairobi, chini ya Wizara ya Leba. Taarifa za mwaka za chama zinapelekwa kwake, na orodha ya viongozi waliosajiliwa iko kwake. Ofisi yake ni ya umma, kwa hiyo mwaweza kutumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Sheria hiyo inaruhusu maombi kwa Kiswahili, na inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, nenda kwa Ombudsman, yaani tume ya CAJ, ndani ya siku 30. Ukipinga uamuzi wa Msajili mwenyewe, rufaa huenda mahakamani, nayo ina kikomo cha siku 30. Andika tarehe ya uamuzi kwenye kalenda siku unapoupata.

Tatu, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ile watu wanayoiita mahakama ya leba. Ina kituo Nakuru, na kingine Kericho. Swali la kwanza mtakaloulizwa ni kama mlimaliza njia za ndani. Bahasha yenye barua zilizogongwa muhuri ndiyo jibu. Kesi hula muda na pesa, kwa hiyo msiifikirie kabla ya kukaa na mwanasheria.

Wizi wa wazi, kwa mfano sahihi ya kughushi kwenye hundi, ni jinai. Huo unapelekwa kwa wapelelezi wa DCI, na hausubiri mkutano mkuu.

Uchaguzi: mwaka mmoja kati ya mitano

Vyama vingi Kenya huchagua viongozi kila baada ya miaka mitano, na mizunguko imekuwa 2011, 2016, 2021, 2026. Wanachama huamka mwaka huo, hupiga kelele, kisha hulala minne. Kiongozi mzoefu anaijua ratiba hiyo kuliko wewe. Francis Atwoli, aliyetokea KPAWU, alishika uongozi wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, mwaka 2001 na alichaguliwa tena 2021; umkubali au usimkubali, hakuna anayedumu hivyo bila kujua wajumbe huchaguliwa wapi. Huchaguliwa chini: tawini, shambani, kiwandani. Anayeususia uchaguzi wa shopstiwadi amepoteza uchaguzi wa taifa bila kujua.

Kagueni haya:

☐ Tangazo limetoka kwa muda uliowekwa na katiba, na limebandikwa mahali watu wote wa zamu zote wanapita.
☐ Daftari la wanachama limeonekana kabla ya siku ya kura, si asubuhi yake.
☐ Kura ni ya siri.
☐ Wagombea wanafanya kazi, au wamewahi kufanya kazi, katika sekta ya chama.
☐ Matokeo yamehesabiwa mbele ya mawakala na kutangazwa papo hapo.
☐ Chama kimemjulisha Msajili mabadiliko ya viongozi ndani ya siku 14.

Kipengele cha zamu ni cha kufa na kupona mashambani. Mkutano wa saa nane mchana huko Naivasha, akina mama wakiwa bado kwenye vibanda vya kufungashia maua, ni mkutano wa wanaume wachache wenye nafasi. Dai saa nyingine.

Makosa yanayorudiwa

*Kuanzia WhatsApp.* Picha ya gari jipya la katibu yenye maneno "ada zetu hizi" inaweza kukuletea kesi ya kashfa. Kundi la WhatsApp litumieni kupanga vikao, si kuhukumu.

*Kumkimbilia mwajiri.* Meneja atakusikiliza kwa makini sana, hata chai utapewa. Ana sababu zake. Mwajiri aulizwe yale mambo mawili tu ya ada: amezipeleka lini, na kiasi gani.

*Kuacha kulipa ili kuwatia adabu.* Hili ndilo kosa la gharama kubwa zaidi. Unaweza kujiuzulu chamani kwa barua, ni haki yako, na mwajiri ataacha kukata ada ya uanachama. Lakini kama CBA inakuhusu na agizo la ada ya uwakala lipo, utaendelea kukatwa. Utakuwa unalipa bila kura, bila daftari, bila sauti. Ondoka ikiwa umeamua kabisa. Usiondoke kwa hasira ya mwisho wa mwezi.

*Kumdai kiongozi wa tawi majibu ya makao makuu.* Mara nyingi naye hajui, na huenda anatamani mumsaidie kuuliza.

Ukitishwa

Sheria ya Ajira ya 2007 haimruhusu mwajiri kukufukuza kwa sababu ya uanachama au shughuli za chama. Tishio likitoka ndani ya chama, soma sehemu ya nidhamu katika katiba: kufukuzwa chamani bila kuelezwa kosa na bila kusikilizwa ni uamuzi unaoweza kupingwa. Weka nakala za barua zote nyumbani, zisikae kwenye kabati la kazini. Na maneno ya simu yajibu kwa maandishi: "Kulingana na mazungumzo yetu ya leo mchana, ulisema kwamba…" Watu hupungua ukali wakijua yameandikwa.

Kwa shopstiwadi na mweka hazina

Kama wewe ndiye kiongozi, unaweza kuzuia karibu yote haya kwa ukurasa mmoja kila miezi mitatu, uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa mkutanoni:

☐ Idadi ya wanachama na ya wanaolipa ada ya uwakala.
☐ Ada iliyokatwa, na iliyofika.
☐ Fungu la tawi lililopokewa, na tarehe.
☐ Matumizi matano makubwa, kila moja na kikao kilichoidhinisha.
☐ Salio benki, kwa tarehe ya taarifa ya benki.
☐ Deni la mwajiri, kama lipo.
☐ Malalamiko ya wafanyakazi yaliyopokewa, yaliyomalizika, na yaliyo mahakamani.
☐ Siku na saa ambazo mwanachama anaweza kuja kukagua vitabu.

Sahihi ziwe mbili, ya mweka hazina na ya mwenyekiti. Pasipo na salio la kujivunia, andika hivyo hivyo lilivyo.